PostgreSQL na data za mzazi na mtoto

Katika jedwali la maeneo, ambamo kila safu mlalo hubeba namba ya mzazi wake (mzazi_id), PostgreSQL, mfumo wa kusimamia hifadhidata, hushuka kutoka mkoa wa Tanga hadi wilaya ya Muheza na kata zake kwa swali moja tu, kwa kutumia WITH RECURSIVE, kifungu cha swali linalojirudia, iliyoingizwa katika toleo la 8.4 mwaka 2009. Sehemu ya kwanza huchagua mzizi, ya pili huunganisha jedwali na matokeo yaliyotangulia, na kazi hurudiwa mpaka pasipatikane kitu kipya. Kwa maoni yangu, hakuna njia iliyo safi zaidi.

Kasoro zipo. Ukitumia UNION ALL, inayounganisha sehemu hizo mbili bila kuondoa marudio, na kata ikaandikwa kimakosa kuwa mzazi wa mkoa wake, swali litazunguka bila kikomo, ingawa toleo la 14 limeleta kifungu cha CYCLE kinachotambua mzunguko huo. Tena, ufunguo wa kigeni, yaani safu wima inayorejelea safu mlalo nyingine, haupewi kiotomatiki faharasa ya kuharakisha utafutaji, hivyo asiyeiunda kwenye mzazi_id atalalamikia mwendo wa kinyonga pasipo haki. Kiendelezi cha ltree, kinachohifadhi njia nzima kama Tanga.Muheza, husoma haraka, lakini kuhamisha tawi hulazimu kuandika upya njia za wazao wote.