Futurama na Rick and Morty: katuni zinazokumbuka

Katika katuni nyingi za vichekesho zinazodumu miaka mingi, kila sehemu inapoanza wahusika wamerudia hali yao ya awali, wala hakuna anayekumbuka yaliyomkuta wiki iliyopita. Futurama, iliyoanza kurushwa nchini Marekani tarehe 28 Machi 1999, iliachana na mazoea hayo polepole, bila kumtwisha mtazamaji mzigo wa kukariri, na ndiyo maana naiweka mbele ya nyingine zote za aina yake. Katika sehemu ya kwanza, Fry, mhusika mkuu, anapodondokea ndani ya mtambo wa kugandisha watu, chini ya meza kinaonekana kivuli kidogo ambacho ni rahisi kukipuuza. Mwaka 2003 ndipo inapobainika kuwa kilikuwa cha Nibbler, kiumbe mdogo kutoka sayari nyingine, na kwamba Fry hakuanguka kwa bahati mbaya. Asiyekiona kivuli hicho hapotezi kitu, kwa kuwa kisa kinajitosheleza.

Rick and Morty, iliyoanza mwaka 2013, ni jasiri zaidi. Katika sehemu ya sita ya msimu wa kwanza, mwanasayansi Rick na mjukuu wake Morty wanauharibu ulimwengu wao, wanahamia mwingine ambamo wenzao wanaofanana nao wamekufa punde tu, kisha wanazika maiti zao wenyewe uani. Sehemu mbili baadaye, Morty anapomsihi dada yake Summer asiondoke nyumbani, anamwonyesha kaburi hilo kupitia dirishani. Ni maneno machache tu, lakini uchungu wake umetokana na jambo tulilolishuhudia.

Kasoro kubwa ya Futurama, kwa maoni yangu, ni filamu yake ya mwaka 2007. Mwaka 2002 tulimwona mbwa Seymour akimsubiri Fry kwa miaka 12 hadi kufa. Filamu ikaja kutueleza kwamba nakala ya Fry iliishi naye. Faraja hiyo haikuhitajika, na imeipunguzia uzito huzuni iliyojengwa kwa ustadi. Rick and Morty ilipommaliza adui mkuu wa Rick mwaka 2023 ilifanya vyema zaidi, kwa sababu ilimwua katikati ya msimu, ikamwacha Rick aendelee kuishi na utupu wake.

Anayetaka kuanza Futurama aifuate kwa mpangilio wa utengenezaji, kwani kituo cha televisheni cha Fox kilirusha baadhi ya sehemu bila kuufuata.