Ofisi kwenye ghala la kale, Mikindani
Nimepanga chumba kwenye ghala la kale lililogeuzwa ofisi, chini ya Boma la Wajerumani la 1895. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno. Dirishani naweka mafaili na bado kuna nafasi ya kukaa. Ndani hubaki baridi, hata saa nane mchana nazima feni. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali, na fundi kaziacha wazi, asante yake! Ila ukuta wa nyuma wameupiga plasta ya saruji. Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu, chumvi iliyomo ukutani ikabandua rangi. Inaniuma. Mwenye jengo, bandua saruji hiyo kabla ya masika, urudishe chokaa.