Selotepu kwenye ramani ya zamani!

Mpaka sasa hasira haijanitoka.

Makumbusho yenyewe sitayataja. Ni yale ya mtaa wa zamani wa maduka ya Wahindi, upande wa Busoga, Uganda. Niliomba boksi la karatasi za viwanja, zile za kuonyesha duka lipi lilikuwa la nani kabla Rais Idi Amin hajawafukuza Waasia mwaka 1972. Likaletwa upesi, nikafurahi. Kumbe ramani imechanika kwenye mkunjo, na karani wa hapo anavuta selotepu ya dukani, anabandika juu ya wino kabisa, anasugua kwa ukucha. Nikamwambia taratibu, "Dada, hiyo itaiharibu." Hata macho hakuinua: "Mzee, sisi ndio tunazitunza. Wewe soma."

Mnazitunza! Gundi ya selotepu hulainika kwa joto, ikazama ndani ya karatasi, ikawa njano, halafu kahawia. Miaka ikipita plastiki inabanduka yenyewe, doa linabaki. Ukiivuta kavu inaondoka na maandishi. Kuitoa salama kunataka dawa ya kuyeyusha gundi na fundi anayejua anachofanya. Pini za stepla nazo, kwa unyevu huu wa ziwa, zimeota kutu mpaka pembe za karatasi zimelika.

Tiba ya mchaniko si ghali. Pika wanga wa ngano kwa maji, koroga bila kuacha mpaka uwe uji mzito, upoe, uchuje. Chana kwa mkono ukanda mwembamba wa karatasi ya Kijapani, ile laini yenye nyuzi ndefu, usikate kwa mkasi, ili kingo zibaki na nyuzi. Paka kidogo, bandika upande wa nyuma, gandamiza kwa uzito kati ya karatasi za kunyonya maji. Siku ukitaka kuutoa, gundi hiyo inalegea kwa maji. Huna? Tia ramani kwenye bahasha, uiache na mchaniko wake.

Chumba cha mbele kinapendeza, ingawa bango moja linasema reli ya Mombasa ilifika Kampala 1901. Mwaka huo ilifika Kisumu. Kampala ilingoja mpaka 1931.

Nilikuwa niandike msiende. Lakini lile boksi! Mikataba ya pango, risiti, majina ya wenye maduka, plani za vibaraza. Basi nendeni, tena mapema, kabla selotepu haijafika boksi la pili. Chukueni penseli, kalamu ya wino iacheni nyumbani. Nyota moja. Haya, tatu, zote za boksi. Karani hana hata nusu.