TAHADHARI: Tapeli wa ramani za nyumba anayetembea na mhuri wa kughushi

Wadau mnaojenga Goba, Madale na Kibamba, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna mtu anajiita msanifu majengo. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu mbele ya mama watoto ndiyo usiseme, maana ile hela mnajua ilivyopatikana.

Jamaa alikuja mwenyewe saiti. Kofia ngumu nyeupe kichwani, futi kamba mkononi, akapima kiwanja kona hadi kona huku anaandika kwenye kidaftari. Kisha akaweka laptopu juu ya boneti ya gari, akafungua nyumba, ghorofa moja, akaanza kuizungusha: hapa sebule, ngazi inapandia huku, masta inaangalia bondeni. Mke wangu akasema angependa jiko liwe na stoo. Palepale akasogeza ukuta, stoo ikatokea! Mtu wa hivyo nani angemshuku? Tena hatukumwokota mtandaoni, aliletwa na shemeji, na nyumba alizosema kachora alitaja mpaka mitaa. Milioni moja na nusu: ramani, michoro ya nondo, makadirio ya vifaa, na kibali atafuatilia mwenyewe. Akakata risiti. Nikamtumia yote.

Seti ikaja imejalidiwa vizuri, kila karatasi ina mhuri wa bluu na sahihi.

Manispaa, afisa akaangalia namba ya usajili, akaitafuta kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Namba ni ya msanifu mwingine kabisa, yuko Arusha, hana habari. Nikarudi kuzikagua zile karatasi. Kwenye moja, kona ya chini kulia, jina langu liko juu ya kibandiko cheupe. Nikakikwangua kwa ukucha: kiwanja cha mtu Kibaha! Ndiyo maana msingi umechorwa kozi 3 (mistari mitatu ya tofali) pande zote, wakati kiwanja changu mnakijua, kinashuka kama unaingia mtoni. Nguzo za kubeba slabu kaziwekea nondo 4 za mm 10, nyembamba mno kwa ghorofa. Mhandisi alipoziona swali lake la kwanza lilikuwa kama tumeshamwaga zege.

Watoto wangu wangelala chini ya slabu hiyo. Tumezika watu Kariakoo Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka, na bado mtu anakopi nguzo za nyumba ya mwingine anauza! Huyo si wa kurudisha hela akaachiwa. Afungwe. Laptopu ichukuliwe, mihuri ichukuliwe, na kila aliyemuuzia atafutwe kabla hajapaua. Shemeji naye ajiandae kutoa maelezo, undugu baadaye.

Ukikutana naye: anataka hela yote mapema, ukimwambia mwende wote manispaa ana dharura, ukiomba namba ya usajili anakuonyesha picha. Orodha ya Bodi iko kwenye tovuti yao, tafuta jina. Na ghorofa lazima michoro ya nondo isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa, siyo huyohuyo mchoraji.

RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo tayari. Kama una ramani yenye mhuri wa msanifu wa Arusha na ulilipia Dar, nitumie ujumbe leo, twende kituoni pamoja. Na kama unachimba msingi kwa ramani zake, simamisha mafundi kwanza.