Mtangazaji anayeuliza swali la pili: tathmini ya redio zetu za mazungumzo, kutoka kibandani Mwembe Tayari

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Nashona madera, sare za shule, na kanzu ikikaribia Idi. Kazi hii hushika macho na mikono, masikio ndiyo yanayobaki huru, kwa hivyo redio yangu haizimwi tangu nifungue hadi nifunge. Stesheni nazigeuza nitakavyo: Radio Jambo, Radio Citizen, Redio Taifa ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, Pwani FM, na zile zetu ndogo za hapa mjini. Haya ni maoni ya msikilizaji wa kutwa, anayesikia kipindi kikianza, kikivurugika na kikimalizika.

Wateja wangu wakisubiri nguo hupenda kubishania jambo moja. Wazee husema redio siku hizi ni porojo tupu: mapenzi, michepuko, nani kavaa nini, mke apike au asipike, huku nchi inaungua. Wasichana nao husema vipindi vya mambo mazito vinawaletea usingizi. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona wanagombania mada ilhali mada haina kosa. Ukitaka kujua kama kipindi kina uzito, ngoja mpigaji simu amalize kusimulia, kisha usikilize mtangazaji anamuuliza nini baada ya hapo.

Nianze na Patanisho, maana ndicho kipindi kinachosimamisha mashine kibanda kizima. Ni sehemu ya asubuhi ya Radio Jambo, ya Gidi na Ghost. Gidi ni yule wa kundi la muziki la Gidi Gidi Maji Maji, na Ghost ni Jacob Mulee, kocha aliyeipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia mwaka 2004. Mtu hutuma ujumbe akiomba apatanishwe na mke, mume, mzazi au rafiki. Hupewa nafasi aeleze kisa chake hewani, kisha yule mwenzake anapigiwa simu. Kwa ufundi wa redio sina la kuwatoa kasoro. Gidi anajua kunyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu zaidi kwa mtangazaji. Yule aliyepigiwa akitajiwa jina la mwenzake, mara nyingi hukawia kujibu, na Gidi hamharakishi. Kile kimya kimekwisha kukuambia kama ndoa ipo au haipo kabla mtu hajatamka neno.

Lakini visikilize visa vyenyewe vinavyoletwa kwenye vipindi vya namna hii. Mume kachukua mkopo wa simu bila kumwambia mkewe. Karo ya mtoto imeliwa na kamari. Mke yuko Saudi Arabia akifanya kazi za ndani, pesa alizotuma za kujenga hazionekani na nyumba haionekani. Mama mkwe anadai shamba. Hapo mapenzi yako wapi? Hii ni habari ya uchumi wa nchi, imekuja na dera na kandambili. Tangu Fuliza ianze Januari 2019, mtu anaweza kukopa akiwa amesimama mbele ya muuza maziwa, na deni likakatwa lenyewe pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa. Nina mteja aliyekuwa akiona meseji za usiku kwenye simu ya mumewe akaamini kuna mwanamke, kumbe ni madeni. Walikaribia kuachana kwa sababu ya mwanamke ambaye hayuko.

Sasa kisa kama hicho kikifika hewani, swali la kwanza huulizwa vizuri: ilikuwaje? La pili ndilo linalopotea. Ulikopa kwa ajili ya nini? Unadaiwa na wangapi? Pesa ya karo uliiwekea dau kwenye mechi gani, na ulianzaje? Swali linalokuja mara nyingi ni "bado unampenda?" Mpigaji anasema ndiyo, anaambiwa arudi nyumbani na maua, kisha linaingia tangazo. Na kwa miaka mingi tangazo lenyewe lilikuwa la kamari. Aprili 2025 bodi ya serikali inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yake yote kwa siku 30. Ndipo nilipotambua yalikuwa yamejaa kiasi gani masikioni mwangu. Kipindi kinachopokea machozi ya mke wa mcheza kamari hakiwezi kumuuliza swali la pili ikiwa mwenye kamari ndiye anayelipia saa ile.

Kuna asubuhi moja bado inaniuma. Ilikuwa kwenye redio nyingine, sitaitaja. Mada ya siku ilikuwa kama mwanamume alazimike kuwasaidia wazazi wa mkewe. Mada nyepesi, watu wanacheka, simu zinamiminika. Akapiga mama mmoja, sauti imechoka. Akasema yeye hana ugomvi na mumewe, ugomvi wake ni kwamba mama yake mzazi anaumwa, na hospitali wamemwambia alipe kwanza SHA, bima ya afya ya serikali, ya mwaka mzima. Sisi tusio na mwajiri tunalijua vizuri hilo. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na SHA kuingia, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila kufanya lolote. Sisi wa jua kali tunaulizwa maswali ya nyumba tunayolala na vitu tulivyo navyo, mtambo unatukadiria kipato, kisha tunatakiwa kulipa ya mwaka kwa mpigo. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, maana yake 3,600 mkononi siku moja. Mwuza mahamri azitoe wapi siku ambayo mama yake hapumui vizuri?

Yule mama alikuwa ameufungua mlango wote. Mtangazaji akamwambia, "Pole sana mama. Kwani mzee hachangii?" Wakacheka studioni. Simu ikakatwa, wimbo ukapigwa. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare na nikaweka mkasi chini. Dakika tano tu za kumpigia mtu wa SHA, au hata kumuuliza mama alielekezwa na nani na hospitali gani, zingewafaa watu wengi kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Msidhani basi kwamba jawabu ni kuhamia vipindi vya siasa vya jioni. Navyo navisikiliza. Huitwa watu watatu: wa serikali, wa upinzani, na wa tatu huitwa mchambuzi. Wanapigiana kelele kuhusu nani atamuunga mkono nani uchaguzi ujao. Msikilizaji akipewa laini anaharakishwa, "kwa sekunde kumi mpigaji, muda umetupa kisogo". Hapa Mombasa maji yetu hutoka mbali, Mzima na Baricho, na kidogo Marere na Tiwi, na kuna mitaa ambako bomba ni pambo la ukuta. Watu wananunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni. Jioni moja afisa mmoja aliletwa studioni azungumzie hilo. Tulisikia mikakati, wadau, awamu ya kwanza, awamu ya pili. Hakuna aliyemuuliza maji yatafika Changamwe siku gani, wala ni kwa nini yule wa mkokoteni hayamkauki. Kipindi kile kilikuwa na sura zote za uzito, na kilikuwa porojo kuliko ile ya asubuhi. Ya asubuhi walau ilikuwa na mtu mwenye shida ya kweli.

Kwa haki ya watangazaji, woga wao una historia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya elfu moja, na redio za lugha za nyumbani zikalaumiwa kwa kuchochea. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, akafikishwa The Hague pamoja na William Ruto, na kesi ikasitishwa Aprili 2016. Mtangazaji yeyote aliyekuwa kazini miaka ile alijifunza kwamba simu ya msikilizaji hewani ni moto. Na tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru redio na televisheni ziache kutangaza maandamano moja kwa moja. Ongeza pesa: Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC. Redio binafsi inayotegemea mwenye sabuni na mwenye mikopo ya simu itachagua mada isiyomkera yeyote. Mke apike au asipike haimkeri waziri.

Haya nayaelewa, na bado hayanitoshi. Swali la pili halihitaji ushujaa wa kupindua meza. Kumuuliza mama ameambiwa na nani alipe ya mwaka mzima ni adabu tu ya kumsikiliza mtu.

Hapo ndipo namkumbuka Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966, na mimi nililelewa nacho. Mada zake zilikuwa ndogo kuliko hata hizi za leo: mgeni anayekuja bila taarifa, mtu anayesukuma wenzake kwenye foleni. Ila alizichukua kwa uzito, akakueleza unayemuumiza ni nani. Na ni sauti ileile ambayo tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga waliifuata nyumbani wakailazimisha isome tangazo la mapinduzi kwenye Sauti ya Kenya. Askari walijua nchi inaamini sauti gani. Imani ile aliijenga kwa mambo madogo ya kila siku, wiki baada ya wiki, bila kumdharau aliyeuliza.

Mfano wa leo ninao pia, na uko karibu. Redio zetu za Kiislamu hapa mjini huwa na vipindi ambapo shekhe anajibu maswali ya wasikilizaji, na Ramadhani huongezeka. Mwanamke anauliza: kaniacha kwa meseji, je, talaka imepita? Mwingine: marehemu ameacha nyumba Kisauni na wake wawili, kaka zake wanatutoa. Ni mambo ya chumbani na sebuleni, lakini shekhe mzuri hajibu kabla ya kuuliza. Eda imeisha? Kuna watoto? Hati ina jina la nani? Kisha anamwelekeza mahakama ya Kadhi, ambayo katiba yetu ya 2010, kifungu cha 170, imeipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Mama aliyepiga simu akilia anakata simu akijua aende wapi kesho. Hakuna anayekiita kipindi hicho cha siasa wala cha mitindo ya maisha.

Na kuna kijana mmoja kwenye redio ndogo ya hapa, simtaji asije akaharibiwa na sifa. Mada ilikuwa kama ni sawa mke kwenda kufanya kazi Ghuba akaacha watoto. Akapiga baba ambaye bintiye hajalipwa kule. Yule kijana akamuuliza: alikwenda kwa wakala gani, mkataba unao, nakala ya pasi iko kwa nani? Akapiga wimbo, na wimbo ulipoisha alikuwa ameshapata mtu wa kumweleza baba aanzie ofisi ipi na abebe karatasi zipi. Kazi yote ilikwisha ndani ya wimbo mmoja wa taarab, na nyimbo za taarab ni ndefu, nafasi ipo.

Maksi zangu basi. Patanisho, nane kwa kumi: ufundi wa hali ya juu, na wangefika kumi siku watakapouliza habari za deni kabla ya habari za moyo. Mada za mapenzi za asubuhi kwa jumla, tano, kwa sababu wapigaji simu wanajitahidi kuliko wenyeji wao. Maswali kwa mashekhe, tisa. Naipunguza moja kwa wale wanaokemea kabla ya kusikiliza. Siasa za jioni, tatu. Kipindi cha jioni nakiachia kikiwa na mgeni mmoja kutoka wizarani au kaunti na mtangazaji aliyekuja na karatasi yake ya maswali. Wakiwa watatu, naweka taarab nimalizie pindo.