Engaruka: uzoefu wangu na waongozaji wa kijijini

Nimeshatembelea magofu ya Kilwa na Kaole, na nikiingia gofu la pwani najua nitazame nini: mihrabu, kuta za matumbawe, makaburi yenye minara. Engaruka, magofu ya vijiji na mashamba ya wakulima wa kale mkoani Arusha, ilinikuta sina ujuzi wowote. Kuna mlima, yaani ule ukuta wa Bonde la Ufa unaopanda kwenda nyanda za juu za Ngorongoro, na chini yake mawe yaliyotapakaa hadi macho yanachoka. Ukishuka kwenye gari bila mtu wa kukuelekeza, utapiga picha mbili, utasema hapa hapana kitu, na utaendelea na safari yako ya Ziwa Natron. Wengi hufanya hivyo. Hata wakala mmoja wa utalii Arusha aliniambia dakika ishirini zinatosha. Si kweli hata kidogo. Tenga nusu siku nzima.

Kwa hiyo ninachokipima hapa ni huduma ya waongozaji wa Engaruka Juu, kijiji kilicho jirani kabisa na magofu. Naipa nyota tano.

Kijana aliyetuongoza hakuanzia kwenye magofu. Alitupeleka kwanza mtoni. Mto Engaruka unatoka kwenye korongo la mlima na hautegemei mvua ya pale chini, ambako mvua ni chache na ardhi ni kavu. "Bila huu mto, dada, hapa asingekaa mtu," akasema, kisha akageuka kutuonyesha tambarare iliyokuwa mashamba. Ni kama hekta 2,000 zilizolimwa kwa umwagiliaji kati ya karne ya 15 na ya 18, na waliolima walichepusha maji ya mto huu na ya vijito vingine vinavyoshuka kutoka mlimani.

Mfereji wenyewe nisingeuona peke yangu. Alisukuma majani makavu kwa fimbo yake, zikatokea safu mbili za mawe zinazokwenda sambamba, katikati pamejaa udongo. Akaniambia niufuate kwa macho. Mlima unapoingia ndani, mfereji nao unaingia. Mlima unapotokeza, nao unatokeza, na mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba jicho halikuambii maji yalikuwa yanaelekea wapi. Mtu aliyeuchimba alijua hasa anachofanya. Nilikaa pale muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na kijana yule hakuniharakisha.

Mashamba yenyewe yamegawanywa kwa mistari ya mawe kuwa vijaruba, na mawe yaliyoondolewa shambani yakarundikwa pembeni. Baadhi ya malundo hayo bado yamesimama vizuri. Watafiti waliochimba walikuta punje za mtama zilizoungua, na pia mifupa ya ng'ombe na mbuzi. Wanaamini mifugo ilifungwa kwenye mazizi ya mawe na samadi yake ikarudishwa shambani. Nimekulia kwenye familia ya wakulima, na jambo hilo lilinigusa sana. Watu hawa walikuwa na ardhi ngumu na maji ya kugawana, wakaweza kuishi kwa kilimo kwa takriban miaka 300.

Makazi yako juu, kwenye mteremko. Vilikuwa vijiji saba vilivyopangwa kwa ngazi, kila nyumba na kiwanja chake kilichosawazishwa na kuzuiwa kwa ukuta. Mawe makubwa yako chini, madogo yamechomekwa kwenye nafasi, na hakuna chokaa wala udongo wa kuyashika. Njia ni ya kupanda kweli, na miiba ipo ya kutosha. Nilipotaka kupita njia ya mkato, mwongozaji alinizuia: "Usikanyage ukuta, dada. Jiwe moja likitoka, mengine yanalifuata." Tulipita sehemu ambazo mbuzi na watu wameshabomoa, na nilielewa kwa nini alisema vile.

Anaijua historia ya utafiti pia. Alitutajia wanaakiolojia wawili: Louis Leakey aliyefika mwaka 1935 na kukadiria kwamba waliishi hapa watu zaidi ya 30,000, na Hamo Sassoon aliyechimba miaka ya 1960. Alituambia pia kwamba waliofuata waliipunguza sana hesabu ya Leakey. Nilipouliza watu hao walikwenda wapi, hakunipa jibu moja la kunifurahisha. Alieleza kwamba wapo wanaosema maji ya mto yalipungua, wapo wanaosema udongo ulichoka, na wapo wanaotaja kuja kwa wafugaji. Kuhusu vizazi vyao, wataalamu wengine wamewataja Wasonjo, ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji magharibi ya Ziwa Natron, na wengine Wairaqw. Mwongozaji anayekuachia swali likiwa wazi ni wa kuheshimiwa.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye mashamba ya sasa, mahindi na migomba, yanayonyweshwa na mto uleule. Mzee mmoja alikuwa akifungua maji kwa jembe kuyaingiza shambani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Zamu yake ya maji ilikuwa fupi, na mwenzake alikuwa ameshasimama upande wa pili akisubiri.

Upungufu upo. Sehemu tulizopita sikuona hata kibao kimoja cha maelezo, na mgeni asiye na mwongozaji atapita juu ya mifereji bila kujua. Ningependa sana kuona angalau ramani moja mahali pa kuingilia. Barabara kutoka Mto wa Mbu ni kama kilomita 60, ina vumbi wakati wa kiangazi, na mvua za masika zikijaza makorongo unaweza kukwama. Magari ya abiria yapo lakini ni machache. Beba pesa taslimu, udai stakabadhi unapolipa, na mwongozaji umlipe mkononi mwake. Viatu viwe vya kufunga. Fika asubuhi, maana saa sita jua la pale halina huruma na vivuli viko mtoni tu.

Walimu wa historia mlioko Arusha, Engaruka tunaifundisha darasani kama mstari mmoja kwenye sura ya Zama za Chuma. Wapelekeni wanafunzi. Mkitoka mapema mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo, na mwombeni mwongozaji aanze na mto kabla ya kupanda kwenye makazi.