Mafunzo ya teknolojia ya likizo mjini Jinja: mita ya Yaka yaishinda kompyuta

Mafunzo ya teknolojia kwa watoto wa shule ya msingi, yanayotolewa wakati wa likizo katika kituo kimoja hapa Jinja, yanamfaa zaidi mtoto wa darasa la nne hadi la sita. Mzazi anayetarajia mwanawe arudi akiwa mtaalamu wa kompyuta atavunjika moyo.

Somo lililonivutia ni la umeme. Mwalimu alianzia kwenye bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo watoto wa mji huu hulipita bila kulitazama, akaufuata umeme hatua kwa hatua mpaka kwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, iliyo ukutani nyumbani. Kisha akagawa risiti zilizokwisha kutumika na kuwataka watoto wahesabu tarakimu za tokeni, yaani namba inayoingizwa kwenye mita baada ya kulipia, wakazikuta 20. Binti mmoja akauliza mbona namba waliyonunua kwao ilikataliwa na mita ya jirani. Akaelezwa kwamba kila namba hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu na hubeba kwa siri idadi ya yuniti zilizolipiwa, ndiyo maana mita huitambua hata pasipokuwa na mtandao. Sisi wazazi tuliokaa nyuma tulisikiliza kwa makini kuliko watoto.

Somo la kutuma pesa kwa simu, huduma iliyoanza Uganda mwaka 2009, lilifanywa kwa maigizo: mmoja wakala, mmoja mteja, na mwingine tapeli anayepiga simu akidai ametuma pesa kimakosa na anaomba arudishiwe. Watoto walijifunza kutazama salio kwanza kabla ya kumhurumia mtu, na kutomtajia yeyote namba ya siri.

Kompyuta zenyewe zilinikatisha tamaa. Watoto wanne waligawana mashine moja, mmoja ameshika kipanya na watatu wanatazama, huku wakikaririshwa majina ya sehemu zake kana kwamba mtihani ni kesho. Isitoshe, kipindi hicho kiliendeshwa kwa Kiingereza kitupu, na wadogo wa darasa la pili wakaanza kuchezea viti.

Ada hulipwa kwa wiki na haijumuishi chakula cha mchana. Kabla ya kulipa, ulizeni ratiba, kwa sababu umeme na pesa za simu havifundishwi kila wiki.